Basi Likingoja Kujaa: Kisa cha Safari Moja ya Kampala

Haboba hapandi taksi yenye watu watatu. Anasimama kwenye kibaraza cha duka mkabala na stegi ya Bombo, yaani kituo cha taksi, mzigo wake umefungwa kwa leso, anaihesabu kwa macho mpaka ibakize viti viwili. Hata hapo hakurupuki. Anachungulia dirishani kwanza, aone kama walioketi ni abiria kweli au ni vijana wa stegi waliopandishwa ili gari lionekane linakaribia kujaa. Abiria wa kweli, anasema, ana mfuko mapajani na uso umekunjamana. Yule anayelipwa kukaa hana mfuko, na anataniana na konda.

Haboba ni bibi kwa Kinubi, lugha ya Wanubi wa Uganda. Si bibi yangu wa damu, lakini Bombo kila mama mzee wa mtaani ni haboba wa watu wote. Anasuka tabaga, yale makawa ya rangi ya kufunikia chakula, na kila baada ya wiki mbili huyapeleka Bweyogerere kwa binti yake anayemuuzia. Bombo iko kaskazini ya Kampala, kama kilomita 35 kwa Barabara ya Bombo. Bweyogerere iko mashariki, kwenye Barabara ya Jinja. Jumanne moja nilimsindikiza, naye akaniruhusu niandike saa kwenye simu, kwa sharti kwamba nibebe mzigo.

Kwa msomaji wa Dar au Nairobi: taksi ya Uganda ndiyo daladala yenu, ndiyo matatu yenu, gari la abiria 14. Waganda huiita pia kamunye, yaani mwewe, kwa jinsi inavyomshukia abiria barabarani. Ukiiona stegini, hata hivyo, haina haraka ya mwewe yeyote.

Tulifika stegini saa 12:10 asubuhi. Taksi iliondoka 12:38. Matugga, Kawempe, tukawa Bwaise saa 1:35. Kutoka Bwaise hadi katikati ya mji ni karibu sana kwa kilomita, ila tuliingia kwenye jamu ya Wandegeya na kufika paki, yaani stendi kuu ya taksi, saa 2:20. Tukashuka, tukatembea robo saa kwenda paki nyingine, Haboba mbele, mimi nyuma na makawa kichwani, tukipishana na mikokoteni, wauza soksi na mtu aliyebeba godoro. Saa 2:35 tukaketi ndani ya taksi ya Barabara ya Jinja. Hapo ujanja wa kibaraza haufai, maana na mzigo ule huwezi kusimama juani pakini, unaingia unakaa. Tukakaa dakika 35. Tuliondoka 3:10, tukashuka Bweyogerere 3:55.

Jumla ni dakika 225. Katika hizo, 63 tulikuwa tunangoja magari mawili yajae na 15 tulikuwa tunatembea kati ya paki na paki. Mtu yeyote wa Kampala angesema hiyo ni siku ya kawaida, wala mvua haikunyesha.

Nimeifanya safari hii iwe kisa kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mjadala wa usafiri wa Kampala hukiruka. Kila mara jamu ikizidi, utasikia dawa ileile: taksi ni ndogo, tuleteni mabasi makubwa. Dawa hiyo ilishajaribiwa, na ukiangalia dakika za Haboba utaona kwa nini haikuponya.

Wazee wanakumbuka mabasi ya UTC, kampuni ya usafiri ya Uganda, yaliyokuwa na ratiba. Basi liliondoka saa yake ikifika, liwe na watu au lisiwe nao. Uchumi wa miaka ya sabini uliyaua polepole, na taksi za watu binafsi zikajaza pengo. Kuanzia 1986 chama cha wenye taksi na madereva, UTODA, kikashika paki na stegi kwa zaidi ya miaka 20. Mamlaka ya Jiji, KCCA, ilianza kazi mwaka 2011 chini ya Jennifer Musisi, ikakiondoa chama hicho na kuanza kutoza kila taksi ada ya mwezi, shilingi 120,000. Hebu itazame ada hiyo. Taksi ililipia mahali pa kuegesha na haki ya kubeba watu. Hakuna aliyeiuliza inaondoka saa ngapi, inapita wapi, wala kama inafanya kazi baada ya saa 2 usiku. Jiji lilichukua nafasi ya chama kama mkusanya pesa, na njia zikabaki palepale zilipokuwa.

Machi 2012 yakaja mabasi ya Pioneer, mia moja kwa mpigo. Nakumbuka furaha yake. Yalikuwa makubwa, mapya, ya rangi ya chungwa, na nauli yake ilikuwa chini ya ile ya taksi. Mwishoni mwa 2013 Mamlaka ya Mapato iliyakamata kwa deni la kodi. Yalijaribu kurudi baadaye, lakini hayakushika mji tena. Watu wengi wanakisimulia kisa hicho kama kisa cha kodi. Deni lilikuwapo, sibishi. Ninachosema ni kwamba hata bila deni, mabasi yale yalipewa kazi isiyowezekana: kupita njia zilezile za taksi, kuelekea katikati ileile, kushindania abiria yuleyule, na kuishi kwa nauli pekee.

Hesabu yake ni ya darasa la tano. Tuseme stegini anafika abiria mmoja kila dakika. Taksi ya watu 14 inajaa kwa dakika 14. Wa kwanza anangoja karibu robo saa, wa mwisho hangoji, kwa wastani kila mtu anapoteza kama dakika 7. Sasa weka basi la watu 60 pale pale, kwa kanuni ileile ya kungoja lijae. Litajaa baada ya saa nzima, na wastani wa kungoja ni nusu saa. Umeleta gari kubwa zaidi, jipya zaidi, lenye viti laini, na umeongeza muda wa kungoja mara nne. Abiria si mjinga, anarudi kwenye kamunye. Na basi likiamua kuondoka bila kujaa, viti vitupu vinakula mafuta ambayo hakuna aliyeyalipia.

Kwa hiyo udogo wa gari si kiini cha tatizo. Kiini ni nani anayebeba hasara ya kiti kitupu. Leo anayebeba ni Haboba, anayeilipa kwa dakika zake 63. Dereva hawezi kuibeba, maana jioni anadaiwa hesabu ya mwenye gari, kiasi kilekile awe amebeba watu au amebeba upepo. Mwenye gari naye hataki kuibeba. Jiji halijawahi kuibeba. Mpango wowote wa kupanga upya mabasi ya Kampala usiojibu swali hilo ni mpango wa kununua magari tu.

Jambo la pili kwenye kisa hiki ni umbo la njia. Haboba alikuwa anatoka kaskazini kwenda mashariki. Hakuwa na shida yoyote na katikati ya mji. Lakini njia za Kampala zimekaa kama njiti za gurudumu la baiskeli: Barabara ya Bombo, ya Gayaza, ya Hoima, ya Masaka, ya Entebbe, ya Jinja, zote zinaishia pakini. Umbo hilo lilikuwa na maana zamani, kazi zote zilipokuwa kwenye kilima cha Nakasero na maduka ya chini yake. Sasa watu wamehamia pembeni. Sensa ya 2024 ilihesabu watu kama milioni 1.8 Kampala yenyewe, na Wakiso inayoizunguka zaidi ya milioni 3. Mtu wa Nansana anafanya kazi Ntinda, mwanafunzi wa Kyengera anasoma Banda, na wote wanapelekwa kwanza kutoa heshima pakini. Jamu ya katikati ya mji imejaa watu wasio na shughuli huko.

Gurudumu lenye njiti bila ringi haliendi popote, na ringi ya Kampala ilishajengwa. Barabara ya Northern Bypass, kilomita 21, ilifunguliwa mwaka 2009, ikitoka Bweyogerere kupitia Naalya, Kisaasi, Kalerwe na Bwaise hadi Busega. Inakata Barabara ya Jinja, ya Gayaza, ya Bombo, ya Hoima na ya Masaka. Baadaye ilipanuliwa na kupewa madaraja ya juu kwenye makutano. Magari madogo yanaifaidi. Abiria wa taksi anaifaidi kwa bahati, maana taksi zinazopita huko hungoja kujaa kama nyingine yoyote, na mara nyingi zikibaki na watu wanne njiani konda anawauza kwa mwenzake: "Mama, shuka hapa, ingia ile."

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu ya njia moja tu, basi la baipasi kutoka Bweyogerere hadi Busega na kurudi. Tuchukue mwendo wa kilomita 20 kwa saa, ambao si wa kujisifu. Kilomita 21 ni dakika 63. Kwenda na kurudi ni 126, ongeza dakika 7 za dereva kupumua kila mwisho, mzunguko mzima ni dakika 140. Ukitaka basi lipite kila dakika 10, unahitaji mabasi 14. Weka mawili ya akiba gereji, ni 16. Mwaka 2012 mji ulipokea 100.

Na Haboba? Angengoja vilevile Bombo, dakika 28. Angefika Bwaise saa ileile, 1:35. Hapo angeshuka, angetembea na kungoja basi la baipasi, tuseme dakika 10 zote pamoja, kisha theluthi mbili za njia hiyo hadi Bweyogerere, kama dakika 42. Dakika 225 zinashuka hadi 137. Kilomita zenyewe hazipungui sana, ukitaka ukweli. Kinachopungua ni jamu ya Wandegeya, matembezi ya paki hadi paki, na lile kaango la pili la kungoja.

Lakini hesabu hiyo inasimama kwa nguzo moja: kwamba basi litaondoka kila dakika 10 hata likiwa na watu sita. Likianza kungoja lijae, kubadili gari Bwaise kunakuwa adhabu badala ya msaada, na Haboba ana haki ya kukataa. Watu husema Waganda hawapendi kubadili gari. Hakuna anayependa kubadili gari panapomgharimu nauli ya pili na nusu saa. Pale panapomgharimu dakika 5 na tiketi ileile, hata hakumbuki kwamba amebadili.

Basi kila dakika 10, kuanzia asubuhi kwa saa 15, ni safari 90 kila upande, kilomita kama 3,800 kwa siku. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo jiji lingekuwa linanunua: kilomita zilizotembewa kwa saa yake. Mwenye basi analipwa kwa kilomita, nauli inaingia mfuko wa jiji, na kiti kitupu cha saa 4 asubuhi kinabebwa na kiti kilichojaa cha saa 12 jioni pamoja na fedha za umma. Ndiyo, fedha za umma. Barabara ya baipasi yenyewe ilijengwa kwa fedha hizo, na hakuna anayeiuliza kila jioni kama imeleta hesabu.

Miji mingine imepita hapa. Agosti 2015 mji wa Houston, Marekani, ulibadilisha mtandao wake karibu wote kwa usiku mmoja, bajeti ya kuendesha mabasi ikibaki karibu ileile. Waliacha njia ndefu za kupindapinda wakaweka gridi ya mabasi yanayopita mara kwa mara. Wataalamu wanaoutaja mfano huo Kampala wanasahau kitu kimoja: Houston mabasi yote yalikuwa chini ya mamlaka moja. Ikiamua, dereva anapewa ramani mpya Jumapili. Kampala hakuna wa kumpa ramani. Kuna maelfu ya wenye gari mojamoja, wengine walimu, wengine askari, waliokopa benki kununua gari lililotumika Japani.

Karibu zaidi nasi, Dar es Salaam ilianza mwendokasi Mei 2016, daladala zikaondolewa Barabara ya Morogoro. Njia maalumu ilifanya kazi; mabasi yakawa machache, abiria wakabanana milangoni, na mpaka leo kelele hazijaisha. Johannesburg ilianza mabasi ya Rea Vaya mwaka 2009 baada ya mabishano makali na wenye taksi. Mwishowe wale waliokuwa na magari kwenye njia hizo waliyasalimisha wakawa wanahisa wa kampuni ya kuendesha mabasi, inayolipwa kwa kilomita. Kwangu huo ndio mfano wa kusoma, si kwa sababu ulikwenda vizuri kila mahali, bali kwa sababu ulianza na swali la nani atakula nini baada ya mabadiliko.

Tusidhani Serikali haina ubavu wa kupanga njia. Machi 25, 2020 usafiri wote wa umma ulisimamishwa kwa ajili ya korona, na taksi ziliporudi Juni 4 zilirudi na nusu ya abiria, zikiwa na karatasi ya njia kutoka wizarani na stika kiooni. Paki ya Zamani ilikuwa imefungwa kwa ukarabati, stegi zikatawanywa. Nafasi kama ile haiji mara mbili: magari yote yamesimama, kila moja linaomba ruhusa, na mwenye kalamu ni mmoja. Karatasi zikaandikwa njia zilezile. Nauli ikapanda karibu mara mbili, watu wakatembea, na paki ilipofunguliwa tena ikiwa imekarabatiwa, kila kitu kikarudi mahali pake.

Wanaopoteza si wenye taksi peke yao. Wapiga debe wanaishi kwa kujaza magari. Gari likiondoka kwa saa, hawana kazi. Kamati za stegi nazo. Halafu kuna wale ambao wapangaji hawawahesabu kabisa: wafanyabiashara wa Owino na Kikuubo, masoko ya katikati ya mji, ambao wateja wao wengi ni watu waliolazimika kushuka mjini wakielekea kwingine. Mtandao wa njiti unaleta miguu, na miguu inanunua soksi. Ukiondoa theluthi ya miguu hiyo utasikia kelele ambazo hakuna mhandisi aliyeziweka kwenye mchoro.

Nililifahamu hili kutoka kwa Haboba mwenyewe. Wakati wa kurudi nilimwonyesha mchoro wangu nyuma ya risiti, duara na njiti zake, nikijiona bingwa.

"Kwenda, sawa," akasema. "Kurudi, mimi nipite mjini. Rangi za tabaga nanunua wapi? Bwaise?"

Nikamweleza kwamba njia ya mjini haifutwi, inabaki na mabasi yake, ila asiyetaka mji asilazimishwe. Akakubali nusu. Akaangalia tena pale nilipochora nukta kubwa, Barabara ya Bombo inapokutana na baipasi.

"Na hapa ndipo nishuke na mzigo?"

"Ndiyo, Haboba."

"Mwanangu, unaijua Bwaise siku ya mvua?"

Naijua. Bwaise iko bondeni, maji ya vilima yanateremkia huko kuelekea mtaro wa Lubigi, na mvua kubwa ikinyesha watu wanavuka kwa kubebwa mgongoni kwa malipo. Kwenye mchoro wangu wa mabasi 14 nilikuwa nimeandika muda wa kubadili gari, nauli moja, hata dakika za dereva kupumua. Jukwaa la kusimama juu ya maji sikuliandika. Niligeuza risiti, nikaongeza mraba mdogo pembeni ya nukta, nikaandika ndani yake: mita moja juu, na paa.

Haboba akautazama mraba huo kwa muda. "Na mahali pa kukaa," akasema.